Pasipoti Isiyotoka Mfukoni

Hamilton, Kanada, 21 Novemba 1999

Mdogo wangu Zdravko,

Daktari Moffat alituambia Alhamisi kwamba valvu moja ya moyo wa Mama imekaza na lazima itolewe, iwekwe nyingine. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ukipewa salamu kwanza, barua unaikunja mfukoni uje uimalize ukifika Edirne, ng'ambo ya mpaka.

Salamu sasa. Sisi hatujambo. Kiril bado yuko kiwanda cha chuma, mgongo unamsumbua ila hasemi. Theluji imeanza kuanguka. Mama anakusalimu wewe na Radka, anauliza kama mzabibu wa uani mmeufunika. Anakula vizuri. Ngazi anazipanda kwa vituo vitatu, na akifika juu anasema nyumba za Kanada zimejengwa na watu wasio na mama.

Shida si upasuaji. Shida ni saini. Daktari aliweka karatasi ya idhini mezani na kalamu juu yake. Mama akaisukuma kwa kidole kimoja, akaniambia nitafsiri: "Mwambie mama huyu sitalala kwenye meza yake mpaka mwanangu aingie kwa mlango ule." Daktari akauliza mwanawe yuko wapi. Mama akajibu, "Kwenye treni."

Kwa hiyo unatakiwa hapa, na kuja hapa ni kwa viza. Ubalozi unaoshughulikia watu wetu uko Bucharest. Fomu zimo ndani ya bahasha hii, nimezijaza kwa penseli, wewe pitisha wino. Wanataka na pasipoti yenyewe, iwe na kurasa mbili nyeupe zinazotazamana. Unaiacha kwa wakala wao mjini Sofia, anaisafirisha, na inakaa kwao wiki tatu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo, dada" kwa kila kitu. Kwenye karatasi nitaona swali gani umeliruka. Maswali ni mawili. Utaipeleka pasipoti lini? Utaomba ruhusa kwa nani?

Dada yako,
Nevena


Plovdiv, 9 Desemba 1999

Dada Nevena,

Barua yako imefika kwa siku kumi na nne, si mbaya. Msalimie shemeji Kiril, mwambie ajifunge mkanda wa sufu kiunoni. Radka anakusalimu. Juzi tulikula samaki wa sikukuu ya Mtakatifu Nikola, alijazwa kokwa za jozi kama anavyofanya Mama, ila Radka alizidisha chumvi na mimi nikasema, tukanuniana mpaka kahawa. Mzabibu nimeufunika kwa majani makavu na gunia. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi nao.

Kazini tumeingia ratiba ya baridi. Nina behewa lile lile la kulala, vyumba kumi, Sofia hadi Istanbul na kurudi, mara mbili kwa wiki. Hita ya chumba cha saba haifanyi kazi, kwa hiyo kila safari nina abiria mmoja adui. Kunev, mkuu wetu wa zamu, alitukusanya wiki iliyopita akasema wahudumu wa laini ya nje tutapunguzwa kutoka kumi na wanne hadi tisa ifikapo tarehe mosi Juni. Hakusema watachaguliwa vipi. Aligonga tu kidole kwenye daftari la zamu. Mhudumu akija dirishani kuandikishwa, lazima aonyeshe pasipoti. Asiyekuwa nayo siku hiyo anaandikwa "hayuko tayari" na nafasi yake anapewa mwingine. Alama hizo zinahesabiwa.

Wenzangu wananicheka kama kawaida. Radka alinishonea mfuko wa ndani wenye kifungo kwenye kila shati, na pasipoti hukaa humo. Wananiuliza, "Zdravko, huyo utamwoa lini?" Nawaambia mahari bado.

Fomu nimeziona. Mwambie Mama nakuja.

Ndugu yako,
Zdravko


Hamilton, 3 Januari 2000

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Radka. Hapa tulikesha kwa pai ya jibini. Mama aliikanda mwenyewe akiwa amekaa, akaficha vikaratasi vya bahati ndani. Kiril alipata "afya", Mama akapata "nyumba mpya". Alikitazama kikaratasi akasema, "Nyumba gani tena, ile ya futi sita?" Tukacheka kwa sababu alikuwa anacheka.

Tumemshushia kitanda sebuleni. Anasema ni kwa kuokoa umeme wa juu, nasi tunakubali.

Barua yako ina mistari arobaini na mmoja. Samaki wa Nikola amepata minne, hita ya chumba cha saba miwili, Kunev tisa. Maswali yangu hayakupata hata mmoja. Nayauliza tena pamoja na la tatu: je, mtu wa kazi kama yako hawezi kupewa pasipoti ya pili, moja ikae ubalozini na nyingine afanyie kazi? Kiril anasema hapa kuna watu wanapewa. Uliza.

Simu ya Krismasi ilikuwa dakika sita, na Mama alizimaliza zote kwa hali ya hewa. Ulishangaa? Mimi nilishangaa. Mtu anayekuhitaji kuliko dawa, akipewa simu anakuuliza kama mto umeganda.

Nevena


29 Januari 2000

Dada,

Radka aliteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate, kifundo cha mguu kimevimba, si kuvunjika. Anakusalimu akiwa amelala.

Pasipoti ya pili nimeuliza. Kwetu hakuna, mtu mmoja kitabu kimoja. Hilo limekwisha.

Pasipoti yangu nimeipeleka tarehe 20. Iko Bucharest. Sasa ni kungoja, na ukiniuliza kila barua haitakwenda mbio zaidi. Mwambie Mama yote yako njiani.

Zdravko


Hamilton, 15 Februari 2000

Zdravko,

Salamu kwa Radka, naomba Mungu mguu wake uwe umepona. Mama yuko kama alivyokuwa.

Barua yako inasema pasipoti iko Bucharest tangu tarehe 20 Januari. Bahasha yake ina stempu ya Uturuki na muhuri wa posta ya Istanbul wa tarehe mosi Februari. Naelewa ulivyofanya: umezoea kutumia posta ya kule kwa sababu ina kasi, mkono ukaenda wenyewe. Lakini umefikaje Istanbul bila pasipoti? Miaka kumi na minne niliandika habari za mahakama ya Plovdiv kabla sijaja huku. Watu walifungwa kwa ushahidi mdogo kuliko huu.

Ningeweza kukuficha kwamba si mimi niliyeiona kwanza. Mama ndiye aliyeipokea kwa mtu wa posta. Aliitazama bahasha upande wa mbele, akaitazama tena, akaniwekea mezani muhuri ukiwa juu. Kisha akaenda kumenya viazi.

Sitaki samahani. Nataka nijue kilichotokea tarehe 20 Januari, kwa mpangilio.

Nevena


Plovdiv, 4 Machi 2000

Dada Nevena,

Ndani ya barua kuna uzi mwekundu na mweupe wa Machi, ule wa kufunga mkononi, mmoja wako, mmoja wa Mama, mmoja wa shemeji. Radka aliusokota. Anatembea sasa.

Kwa mpangilio, kama ulivyotaka. Tarehe 20 Januari nilikuwa na siku ya mapumziko. Nilipanda treni ya asubuhi mpaka Sofia, kwa wakala. Nilichukua namba, nilikuwa wa kumi na saba. Fomu zilikuwa na wino. Zamu yangu ilipofika, binti wa dirishani alizipitia, akasema ziko sawa, nimsalimie aliyezijaza kwa penseli kwanza. Nikafungua kifungo, nikaweka pasipoti juu ya kaunta. Akasema, "Wiki tatu tu, bwana." Mkono wangu ulikuwa bado juu yake. Akaivuta kidogo. Nikairudisha mfukoni, nikasema nimesahau picha. Akasema picha hizi hapa. Nikaondoka.

Ulikuwa Sofia chuoni mwaka ule wa 1973, kwa hiyo Jumatatu huzijui. Baba alikuwa dereva wa treni wa kuvuka mpaka hadi Yugoslavia, na kila mtu wa reli alimwonea wivu kwa kile kitabu. Ami alipotorokea Trieste, Baba aliambiwa aiache pasipoti ofisini ikaguliwe. Wiki mbili tu. Hawakuichukua kwa nguvu, ujue. Aliwapa kwa mkono wake, akapewa kikaratasi. Baada ya wiki mbili akaenda, akaambiwa aje Jumatatu. Alikwenda kila Jumatatu kwa miaka tisa. Mimi nilikwenda naye miaka mitatu ya kwanza, mpaka jeshi. Anavua kofia, anasema "habari za asubuhi, wandugu," anaonyesha kile kikaratasi, anaambiwa Jumatatu, anavaa kofia. Njiani kurudi alikuwa ananieleza kwa nini Jumatatu ijayo itakuwa tofauti. Alikufa akiwa na kikaratasi ndani ya pochi. Unajua alikufa lini. Sasa unajua alikuwa anarudi kutoka wapi.

Mimi pasipoti yangu niliipata mwaka 1990, na tangu siku hiyo haijalala nje ya nyumba yangu wala nje ya behewa langu.

Radka anasema mimi ni kichekesho. Kila safari nakusanya pasipoti za watu ishirini, naziweka kwenye mkoba wangu ili wasiamshwe mpakani, nao wananipa bila hata kuniuliza jina, wanalala. "Ishirini wanakuamini wewe," anasema, "na wewe humwamini hata mmoja." Nilimwambia hiyo ni kazi. Akasema, "Na mama yako je, ni nini?"

Nimetafuta njia. Behewa langu linapelekwa karakana kuanzia tarehe 3 Aprili mpaka 24. Wiki hizo tatu sina safari, kwa hiyo hakuna wa kuniandika "hayuko tayari". Nitaipeleka tarehe 3. Kurasa nyeupe zimebaki tatu: moja ya kugongwa muhuri wa safari zilizobaki, na mbili za viza, zinazotazamana. Hizo mbili nimezibana kwa kibanio, na maofisa wote wa pande mbili wanajua. Yule mzee wa upande wa Uturuki huniuliza, "Bibi harusi bado bikira?" Namwambia bado, efendi. Anagonga pembeni pembeni, muhuri juu ya muhuri.

Zdravko


Hamilton, 18 Machi 2000

Mdogo wangu,

Uzi tumeuvaa. Mama ameufunga kwenye mkono wa kushoto, upande wa moyo, akasema huko ndiko kwenye kazi.

Umesema ukweli kwa mpangilio, nami nitafanya hivyo hivyo, kwa sababu mimi pia niliruka mstari. Siku ile ya Novemba Daktari Moffat alisema sentensi mbili. Ya kwanza nilikuandikia. Ya pili ilikuwa hii: ibadilishwe kabla ya mwezi Juni, kwa maana baada ya hapo moyo utakuwa umechoka mno kuvumilia kufunguliwa. Niliiandika, nikaikata, nikanakili barua upya. Nilidhani ukijua tarehe utaogopa, na ukiogopa hufanyi kitu. Nilikosea. Hukufanya kitu hata bila kuijua.

Kwa hiyo hali ni hii. Hospitali imemwekea nafasi Ijumaa tarehe 19 Mei. Karatasi yenye saini ifike kwa daktari kabla ya tarehe mosi Mei, au nafasi atapewa mgonjwa mwingine, na inayofuata ni Julai. Daktari amenieleza Julai ni nini. Sitaiandika.

Nimemsihi Mama atie saini sasa, wewe uje utakapokuja. Amesema hapana. Nilimuuliza kama anaogopa kisu. Akasema, "Kisu nimekiogopa lini? Nimechinja nguruwe kila Desemba." Hajanipa sababu nyingine.

Alitaka nimsomee barua yako, yote. Nilipofika kwenye Jumatatu za Baba aliomba maji. Akanywa glasi nzima. Akasema basi, hiyo inatosha, nitamalizia mwenyewe. Mpaka leo barua iko chini ya mto wake, na sijui kama ameimaliza.

Tarehe 3 Aprili pamoja na wiki tatu ni tarehe 24. Inatosha, ikiwa hakuna kitakachoharibika. Usibadilishe kitu.

Nevena


Plovdiv, 5 Aprili 2000

Dada Nevena,

Tuko wazima. Radka anawasalimu. Mzabibu nimeufunua Jumamosi, una macho mazuri ya kuchipua mwaka huu.

Imeharibika, na aliyeharibu ni mimi.

Tarehe 27 Machi tulifika mpakani tukiwa tumechelewa kwa saa nne, jua limeshatoka. Nikuelezee tunavyofanya, kwa sababu bila hivyo hutaelewa. Mhudumu mzuri hampi ofisa rundo la pasipoti zilizofungwa. Unazikunjua moja moja kwenye ukurasa mweupe, unazilaza moja juu ya nyingine zikiwa wazi, unazibana kwa mpira, unampa dirishani. Yeye anatazama sura, anagonga, anageuza. Hivyo ndivyo behewa linavyomalizwa kwa dakika saba badala ya thelathini, na abiria hawajui hata tulisimama. Nimefanya hivyo miaka tisa. Vijana hufundishwa kwa kunitazama.

Asubuhi ile dereva alikuwa anapiga honi na abiria wa chumba cha saba anadai chai. Nilizikunjua zote haraka, na yangu nilikuwa nimeiweka chini ya zao ili imalizike pamoja. Kidole kikahisi kibanio, kikakitoa, kikafungua penye weupe. Yule mzee hakuwa zamu. Alikuwepo mgeni, mwenye adabu, mkono wake mwepesi. Akagonga katikati ya ukurasa wa kushoto kama alivyoelekezwa, maana kuweka ukurasa wazi ndiko kumwelekeza. Hana kosa lolote. Niliusikia ule muhuri kabla sijauona.

Nilihudumia chai. Nilifika Istanbul, nikarudi.

Pasipoti isiyo na kurasa mbili nyeupe haiendi Bucharest. Inabidi mpya, na ili upewe mpya unasalimisha ya zamani. Tarehe 29 nilimwambia Kunev kwamba kuanzia kesho yake siko tayari, na sijui mpaka lini. Akasema ningoje basi behewa liingie karakana, zimebaki siku nne tu. Nilizipiga hesabu: pasipoti mpya wiki tatu, ubalozi wiki tatu, na siku nne hizo hazipo. Akaniambia, "Zdravko, wewe umri wako wote hujawahi kuandikwa mara moja. Unajua nitakachoandika sasa?" Nikamwambia aandike vizuri isifutike. Amenihamishia treni ya mchana ya Burgas, ya humu humu nchini. Natoboa tiketi za wanafunzi na bibi wenye mapipa ya kachumbari.

Tarehe 30 nilikwenda ofisi ya pasipoti hapa Plovdiv. Ni jengo lile lile, Nevena. Wamepaka rangi. Dirishani alikuwa mwanamke wa umri wako, ana miwani kichwani na nyingine puani. Akanyoosha mkono. Nikafungua kifungo, nikampa. Alichukua mkasi akakata kona ya jalada, akaitupa kona kwenye kopo. Akaniandikia kikaratasi. Akaanza kusema, "Baada ya wiki..." nikamwambia sihitaji kujua, nitakuja. Akanitazama juu ya ile miwani ya puani. Akasema, "Mara ya kwanza naona mtu asiyeuliza lini. Tarehe ishirini, kaka. Uje na kikaratasi."

Kifungo cha shati bado nakifunga asubuhi. Radka ameona, ameamua kutosema, na kwake hilo ni jambo kubwa.

Hesabu yangu ni hii: ikitoka tarehe 20, naipeleka siku hiyo hiyo kwa wakala, viza inatoka katikati ya Mei. Tarehe mosi Mei ya saini siiwahi. Sina namna. Mwambie Mama nimefanya nilichoweza na nimechelewa kwa mikono yangu mwenyewe.

Zdravko


Hamilton, 18 Aprili 2000

Mdogo wangu Zdravko,

Mama ametia saini jana saa tisa alasiri. Nimeipeleka karatasi kwa mkono wangu, imepokelewa na karani wa daktari, ninayo nakala. Upasuaji uko palepale, tarehe 19 Mei, na Mama ni wa kwanza asubuhi.

Nakuandikia ilivyokuwa, bila kuongeza.

Barua yako ilifika saa sita. Mama alikuwa kitini dirishani. Sasa hivi hatembei mbali zaidi ya hapo, na hilo pia sikukuandikia. Nilimsomea yote. Kwenye mpira na kibanio alitikisa kichwa, akasema, "Mikono ya baba yake." Nilipomaliza aliniambia nirudie pale kwenye dirisha. Nikarudia. Akauliza, "Alimpa, au yule mwanamke alichukua?" Nikasema alimpa. Akauliza, "Nani alimwambia ampe? Wewe?" Nikasema hapana, mimi nilikuwa nimemwambia asibadilishe kitu. "Radka?" Nikasema barua haimtaji Radka hapo. "Basi mwenyewe," akasema.

Kisha akasema, na haya nimeyaandika mara tu nilipofika jikoni ili yasipotee: "Baba yenu hakutaka kuwapa. Alitaka kuificha, aseme imepotea relini. Mimi ndiye nilimwambia, wape, mwanamume, ni wiki mbili, usituletee balaa kwa ajili ya kitabu. Akawapa kwa sababu yangu. Miaka tisa hakunitajia hata siku moja. Kila Jumatatu nilimpigia kofia brashi."

Nikamuuliza kama ndiyo sababu kwenye simu alikuwa anakuuliza habari za mto. Akasema, "Nilimtaka aje. Lakini kumwambia mwanamume wa nyumba ile aachie pasipoti, kinywa changu kimeshafanya hivyo mara moja."

Nikamuuliza kwa nini basi alikataa saini bila wewe. Hakujibu swali hilo. Unaona kuruka maswali umekurithi kwa nani. Alisema tu, "Lete kalamu. Na umwandikie nimeshatia, asije akakimbia kwa ajili ya karatasi. Akija, aje kwa sababu anataka."

Aliandika jina lote, la kwake, la baba yake na la ukoo, kwa herufi zetu. Karani aliuliza hiyo ni lugha gani.

Ukiweza kufika, kitanda ni kile cha juu. Ukishindwa, nitakupigia kituoni Plovdiv tarehe 19, saa kumi na mbili jioni ya kwenu. Mwambie Stanka wa dirisha la tiketi asikate laini.

Nevena


Plovdiv, 2 Mei 2000

Dada Nevena,

Kristo amefufuka. Radka alipaka mayai kumi na mawili mekundu, la kwanza tumeliweka kando kwa ajili ya Mama kama kawaida. Barua yako niliisoma Jumapili ya Pasaka asubuhi, baada ya kanisa, nikaisoma tena kwenye treni ya Burgas. Mwanafunzi mmoja alipanda akashuka bila tiketi yake kutobolewa.

Kuhusu Mama na Baba sina la kuandika. Nitamwambia mwenyewe.

Pasipoti ilitoka tarehe 20 kama yule mwanamke alivyosema. Sikuiweka mfukoni. Ilitoka dirishani pale ikaingia kwenye bahasha, na bahasha ikaingia Sofia kwa wakala saa tisa na nusu siku hiyo hiyo. Binti alikuwa yule yule. Aliuliza kama leo nina picha. Iko Bucharest tangu tarehe 24, haina muhuri hata mmoja, na safari hii bahasha ya barua hii itakuwa na stempu ya Plovdiv. Ikague.

Kunev alisoma orodha Ijumaa, mapema kuliko alivyotangaza. Majina tisa. Langu halimo. Alisoma haraka, akaniita pembeni akaniambia laini ya Burgas ina mapumziko ya Jumapili. Nikamwambia ahsante, na ni kweli nilishukuru kidogo. Mkoba wa pasipoti nimemkabidhi kijana atakayechukua behewa langu. Nilimwonyesha namna ya kuzikunjua, na nikamwambia yake asiichanganye na za watu.

Kumi na nane kati ya ishirini waliopeleka maombi mwezi uliopita walipata, wakala anasema. Wawili hawakupata, na hakuwa na maelezo yao. Tiketi ya ndege nimewekewa kwa jina, Sofia tarehe 17 mchana, naingia Toronto jioni ya siku hiyo hiyo ikiwa kila kitu kitakwenda sawa. Shemeji Kiril asihangaike kuja kunipokea mpaka nimpigie.

Jibu linatolewa Jumanne tarehe 16 Mei kuanzia saa tatu asubuhi, kwa wakala, dirisha la pili. Nimekata tiketi ya treni ya kwenda Sofia. Ya kurudi sijakata.

Ndugu yako,
Zdravko